Namba ya Gari la Baba

Wahenga walinena kwamba kosa moja haliachi mke. Lakini mimi nimejionea kosa moja, tena la herufi mbili tu, likimfanya baba yangu mwizi mbele ya macho yangu.

Msomaji mpenzi, sisi tunakaa Kiganjo, si mbali na chuo kile ambako askari wengi wa nchi hii hufunzwa kazi. Asubuhi nikija shuleni huwasikia makurutu wakikimbia na kuimba. Tangu utotoni sikumwogopa askari. Kwangu alikuwa mtu wa kuja kununua maziwa kwa mama.

Likizo ya Agosti mwaka jana, baba alinichukua twende Nairobi kuuza kabeji katika soko la Wakulima, ambalo wengi huliita Marikiti. Pikapu yetu ni kuukuu lakini ina nguvu kama punda. Tuliondoka saa tisa za usiku, baridi ya Mlima Kenya ikituuma masikio, kwa maana huko sokoni anayechelewa hukuta wanunuzi wamekwisha kwenda zao.

Kabla hatujafika Karatina tulimulikwa kwa tochi. Askari kijana alitazama namba ya gari, akatazama simu yake, akaitazama namba tena.

"Mzee, hii gari umeitoa wapi?"

"Ni yangu, afande. Niko nayo tangu 2012."

"Zima injini ushuke. Hii gari inatafutwa."

Baba alishuka, akavua kofia. Yule askari alikuwa rika la kaka yangu. Sikuwahi kumwona baba akimvulia kofia mtu mdogo kwake, na hadi leo nikikumbuka hayo koo hunikauka. Alionyesha leseni, akaonyesha kopi ya logibuku. Wapi! Tulipelekwa kituoni, tukakalishwa kwenye benchi hadi jua likachomoza.

Saa mbili asubuhi alifika sajini mmoja mwenye mvi. Yeye hakutuuliza neno. Alifungua boneti, akasoma namba ya chesisi, kisha akapiga simu. Kumbe gari lililoibwa lilikuwa gari dogo jeupe. Namba yake ilianza na KDB, na yetu ni KBD; tarakimu na herufi ya mwisho zikawa sawasawa. Aliyeandika orodha alizigeuza herufi mbili.

"Pole, mzee. Enda," sajini akasema.

"Asante, afande. Na kwenye ile orodha nitatolewa lini?"

"Hiyo haiko kwangu. Mimi nimekuachilia tu."

Kabeji tuliziuza Karatina kwa bei ya kutupa, na pesa za chakula changu cha mchana cha muhula huo zikaenda hivyo. Juma lililofuata baba alisimamishwa tena, safari hii karibu na Sagana, kwa sababu ile ile. Alikuwa ameachiliwa, lakini hakuwa amefutwa.

Muhula wa tatu chama chetu kiliandaa mjadala: je, mashine ni bora kuliko askari barabarani? Niliwekwa upande wa kupinga, nikaenda maktaba ya Nyeri kutafuta silaha. Nikasoma kwamba kuna kamera zinazosoma namba za magari zenyewe. Kamera hupiga picha, programu huitafuta bamba la namba, hutenga herufi moja moja, kisha huilinganisha namba na orodha ya magari yanayotafutwa. Yote haya kufumba na kufumbua, gari likiwa mbioni. Ubunifu huo ulianzia kwa polisi wa Uingereza mwaka 1976, na leo huko namba za magari yaliyopita huweza kuhifadhiwa hadi mwaka mzima, hata za watu wasio na hatia.

Hapa Kenya, baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, serikali ilitia mkataba na Safaricom mwaka 2014 wa kuwawekea polisi mawasiliano na kamera kama 1,800 Nairobi na Mombasa, kwa shilingi bilioni 14.9. Na mwaka 2022 zikaletwa namba mpya za magari zilizo ngumu kughushi. Basi tusijidanganye kwamba mambo haya ni ya ng'ambo.

Kisa kilichonishika ni cha mji wa Aurora, jimbo la Colorado, Marekani, Agosti 2020. Mashine iliwaambia polisi kwamba gari fulani limeibwa. Mama mmoja na watoto waliokuwa naye wakatolewa garini kwa bunduki, hata watoto wakalazwa kifudifudi chini. Kumbe kilichoibwa kilikuwa pikipiki ya jimbo jingine, Montana, yenye namba ile ile! Mashine ilisoma namba barabara. Ila hakuna aliyetazama kwamba mbele yake ni gari na si pikipiki. Mwaka 2024 mji huo ulikubali kuwalipa fidia ya dola milioni 1.9.

Niliyasimulia hayo kwenye mjadala, na bado tulishindwa kwa kura chache. Nilipofika nyumbani nikamweleza baba, nikitumaini atanipoza. Akacheka. "Mimi ningewapigia kura hao wenzako," akasema. "Pikapu ya jirani iliibwa na haijaonekana mpaka leo. Mashine iletwe. Lakini waniambie nikikosewa niende wapi."

Maneno hayo yalinishinda nguvu kuliko mjadala wote. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kutaka habari za uongo juu yake zirekebishwe. Tena humpa haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, ijapokuwa huacha mlango wazi kwa ajili ya usalama wa taifa. Sheria ni nzuri. Lakini saa tisa za usiku, barabarani, kabeji zikinyauka, nani atakusomea sheria?

Mimi sasa siogopi jicho la mashine. Naogopa orodha isiyo na mwenyewe. Kosa lililoandikwa simuni lilitusimamisha mara mbili. Likitiwa katika kamera, litatusimamisha kila kona kutoka hapa hadi Nairobi. Kila orodha iwe na mtu wa kuulizwa, na kila askari afunzwe kufungua boneti kama yule sajini kabla ya kumvua mzee kofia.

Baba angali anabeba garini kijikaratasi alichoandikiwa na sajini kwa mkono wake. Kimechakaa kwa kukunjwa. Asubuhi nikipishana na makurutu wakiimba, huwa nawaamkia kama zamani, lakini moyoni hujiuliza ni yupi kati yao atakayekisoma.