Kijiko cha Muzee

Kwenye kilio cha muzee wangu, mwezi uliopita, wenzetu walisimulia tena jinsi alivyomponya chatu kwa kijiko mwaka 2002. Nilinyamaza. Kilioni hatubishani na marehemu. Sasa matanga yamekwisha, nami nimeacha kazi. Niacheni niseme nilichokiona.

Nilizaliwa Rutshuru, nyumba ambamo nyoka alipokelewa kwa panga. Goma nilifika kijana, nikampata muzee, aliyewahi kutumika Lwiro, kwenye kituo cha utafiti kilichoachwa na Wabelgiji. Yeye alitoa nyoka majumbani kwa watu, mimi nilibeba gunia. Alinifundisha kushika shingo bila kukaba, na kutambua jicho linapofanya ukungu wa bluu: nyoka anakaribia kujivua gamba, usimlishe, usimguse. Kwa hayo namshukuru hadi leo.

Chatu wetu aliachwa na mzungu aliyekimbia vita vya 1996. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipopasuka na lava ikapita katikati ya mji, nilimbeba ndani ya gunia la unga mpaka Gisenyi. Waliolala kando yangu walidhani nimeokoa maharagi.

Tuliporudi, kibanda chake kilikuwa kimefunikwa na lava. Tukamweka kwenye sanduku la mbao, chini kabisa, penye baridi. Akakataa sungura. Wiki ya tatu, ya sita, ya kumi. Muzee akampanua taya, akasukuma kwa kijiko nyama iliyopakwa mafuta. Siku chache baadaye chatu aliitapika, inanuka, na ufizi ukafanya usaha. Muzee akarudia.

"Mutoto akikataa uji, mama yake anamukamata pua," aliniambia.

"Muzee, mutoto ana moto wake mwenyewe. Huyu anaazima."

Hakunisemesha siku mbili.

Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wake unataka blanketi. Chatu anahitaji joto la karibu nyuzi 30 ndipo tumbo lifanye kazi vizuri. Likipoa, nyama inaozea ndani. Kukataa kwake kulikuwa akili. Muzee aliposafiri Bukavu, niliokota mawe ya lava, nikayapasha kwenye makala, nikayafunga matambara, nikayapanga upande mmoja wa sanduku ili achague mwenyewe joto au baridi. Nikafunika, nikabadilisha maji, nikamwacha. Ufizi ulipopona, jioni moja nikamkokotea kwa fimbo sungura aliyekufa, niliyempasha kwenye maji ya moto. Nilisikia pigo kabla ya kuliona.

Muzee alirudi, akakuta tumbo limejaa. Akasema kijiko chake ndicho kilichofungua njia. Hiyo ndiyo hadithi iliyofika kilioni.

Ninyi vijana mnaovaa nyoka shingoni mkipigwa picha za simu, sikilizeni: chatu mzima mwenye afya hukaa miezi bila kula. Akikataa, acheni mdomo wake, guseni sakafu. Ana pa kujificha? Anajivua? Na sungura hai msimwachie usiku kucha. Anayewindwa naye ana meno.

Siku ya kuondoa matanga, mama mjane alinipa kijiko kile kiwe ukumbusho. Nilikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kimeliwa na kutu. Tangu 2002 muzee hakukigusa tena, wala hakuniambia kwa nini.