Kichaa wa Sura ya Tatu

Mswada wa riwaya yangu ulikuwa na kichaa. Alikaa sura ya tatu: anacheka ovyo, anaokota makopo, anarushia watu mawe. Sikumtoa mtaani. Nilimtoa kwenye video.

Nilipomaliza kidato cha nne niliangalia na kaka yangu filamu ya Kimarekani ya mwaka 1975, One Flew Over the Cuckoo's Nest. Kwenye vibanda vyetu vya video tumezoea kwamba steringi hafi. Humu steringi, Jack Nicholson, anapigwa shoti za umeme kichwani akiwa macho, kama adhabu. Kisha anapasuliwa ubongo, na mwisho mgonjwa mwenzake anamziba pumzi kwa mto.

Miaka miwili baadaye kaka akaanza kusikia sauti. Mama alipotaka kumpeleka hospitali, akagoma. "Siendi! Muulize dogo, tuliona wanavyofanya kule." Nami, bwana, nikanyamaza. Tukapoteza miezi saba kwa waganga.

Siku hizi anakunywa dawa zake, na anashona viatu pale kona.

Nikaanza kuifuatilia ile filamu. Kumbe ilipigwa ndani ya hospitali ya kweli ya wagonjwa wa akili, mjini Salem, jimbo la Oregon. Daktari Spivey aliigizwa na Dean Brooks, mkuu halisi wa hospitali hiyo. Wagonjwa wa kweli walipewa kazi nyuma ya kamera. Na tiba ya umeme, kwa taratibu za leo, mgonjwa hupigwa nusukaputi kwanza.

Siilaumu filamu. Ken Kesey, aliyeandika riwaya yake mwaka 1962, aliwahi kufanya zamu za usiku katika hospitali yenye wodi kama ile. Hasira yake ilikuwa na sababu. Ila najiuliza: yule mgonjwa aliyeamka, akanywa dawa, akaenda kupiga kazi na wapiga picha, mbona yeye hatumwoni?

Juzi kaka aliukuta mswada mezani. Akasoma kimya, akauliza, "Dogo, huyu ni mimi?"

Nilikosa jibu. Sura ya tatu nimeichana. Kuiandika upya ndiyo shughuli, ndugu msomaji, maana sijui mtu huyo anaongea vipi. Kwa hiyo jioni, kaka akifunga kazi, nakaa naye kibarazani. Namsikiliza.