HATA KOMPYUTA HUCHEMKA

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kuwa usipopangusa vumbi utanunua kompyuta. Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, pamoja nanyi walimu wetu wapendwa, nitegeeni sikio niwasimulie habari za kifaa kidogo kiitwacho kipozaji. Ni kidogo, bei yake si kubwa, lakini bila hicho huenda nisingekuwa darasani muhula huu.

Sisi tuishio mpakani twalijua joto. Kuanzia Busia hadi Malaba, mwezi wa Januari na Februari, jua huwaka mpaka mbwa wakakimbilia chini ya malori. Juu ya joto hilo kuna vumbi na moshi. Malaba ndipo malori ya mizigo kutoka Mombasa huvukia kuingia Uganda, na mengine huendelea hadi Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Ni kweli siku hizi tuna vituo vya pamoja vya ukaguzi, na kile cha Busia kilifunguliwa rasmi na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mnamo Februari 2018. Hata hivyo foleni ya malori ingalipo, na vumbi lake huingia madukani bila kubisha hodi.

Mama yangu ana kijiduka hapo Malaba, saiba kama tunavyoiita. Msidhani ni duka la kutisha. Kuna kompyuta moja ya mezani, printa moja na benchi la wateja. Kompyuta yenyewe ni kuukuu. Prosesa yake ni Intel Core i3 ya aina iliyotoka mwaka 2011. Lakini hiyo hiyo ndiyo hushughulikia huduma za eCitizen, kodi za KRA, maombi ya mikopo ya HELB na karatasi za madereva. Hiyo hiyo ndiyo shamba letu na ng'ombe wetu wa maziwa.

Basi mwezi wa Februari ng'ombe akaanza kugoma. Asubuhi mashine ilifanya kazi vizuri. Ikifika saa saba mchana, feni yake ilinguruma kama kinu cha kusaga mahindi, kisha skrini ikawa giza totoro. Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Amukura kumjazia mwanawe fomu, na ilikuwa siku ya mwisho ya kuipeleka. Mashine ikazima mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Yule mama hakugomba. Alikunja karatasi zake taratibu, akazifunga kwenye leso na kutoka kwenda kutafuta saiba nyingine. Mama yangu aliinama tu. Afadhali angetusiwa.

Fundi aliitwa. Hakufungua hata skrubu moja. Aliisikiliza mashine, akatikisa kichwa na kusema, "Mama, hiyo madabodi imeenda. Nitafutie elfu tisa." Elfu tisa! Jioni hiyo mama aliniambia kwa sauti ya chini kuwa anafikiria kuiuza mashine kama chuma chakavu, arudie biashara ya omena. Sikumuuliza habari ya karo. Nilijua jibu.

Usiku huo sikupata usingizi. Nilijiuliza swali moja: kitu kilichokufa hufufuka vipi kila kikipumzika dakika ishirini? Kama madabodi ingekuwa imekufa, ingekufa asubuhi na jioni pia. Hii hufa mchana, kukiwa na joto, nayo hufufuka ikipoa. Kesho yake nilimwomba mama ruhusa. Niliiwasha na kuingia katika ukurasa ule wa Bayosi unaoonyesha hali ya mashine. Nikasoma: prosesa, nyuzi 91! Na hapo haikuwa imepewa kazi yoyote.

Msomaji mpendwa, prosesa ile imeandikiwa wati 65. Ni kama balbu ya kizamani, tofauti ni kwamba joto lote hutoka katika kidude kidogo kuliko kiberiti. Ikikaribia nyuzi 100, prosesa hujipunguzia kasi, na isiposaidiwa hujizima ili isiungue. Kumbe haikuwa ikigoma. Ilikuwa ikijiokoa!

Nilichomoa waya wa umeme, nikafungua kasha. Lahaula! Juu ya prosesa hukaa kipande cha alumini chenye mapezi mengi, na juu ya mapezi kuna feni. Hicho ndicho kipozaji. Vumbi lilikuwa limejazana katikati ya mapezi kama sufi ya mto. Tena mguu mmoja wa plastiki kati ya minne ulikuwa umevunjika, basi kipozaji kikakaa upande. Pesti, yaani ile krimu inayopakwa katikati, ilikuwa imekauka kama chokaa.

Wanafizikia wenzangu watanielewa upesi. Joto hupita vizuri ndani ya metali, lakini hewa haipitishi joto sawasawa. Mwangalie mama apikapo chapati. Pale palipotuna hapajaiva, kwa sababu hapajagusa chuma. Vivyo hivyo, prosesa na kipozaji vikiachana hata kwa upana wa unywele, joto halivuki. Kazi ya pesti ni kuziba vijipengo hivyo.

Mjomba wangu ni mwendesha bodaboda, na jina hilo husemekana lilizaliwa papa hapa mpakani Busia, baiskeli zilipokuwa zikivusha watu kutoka boda hadi boda. Alinibeba hadi Busia nikiwa na rula yangu ya hesabu mfukoni. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimepima mashimo ya madabodi: kutoka shimo hadi shimo ni milimita 75. Duka la kwanza walikuwa na vipozaji vya madabodi za zamani zaidi, milimita 72. Muuzaji alisema, "Sukuma tu, kitaingia." Nikakataa. Milimita tatu ni kidogo kwa seremala, lakini hapa ni kuvunja madabodi. Tulivuka upande wa Uganda, tukakipata chenyewe kwa shilingi 40,000 za huko, yapata 1,400 za kwetu, pamoja na kichupa cha pesti.

Jumamosi nilianza kazi. Dereva mmoja wa lori kutoka Mombasa, aliyekuwa akingoja karatasi zake, alinimulikia kwa simu.

"Kijana, hicho si radieta?" akauliza.

"Ndiyo mzee, lakini hiki hutumia hewa badala ya maji."

"Basi yule fundi wenu alitaka kuwauzia injini kwa sababu radieta imeziba!" Sote tukaangua kicheko, hata mama.

Nilifuta pesti kuukuu kwa kitambaa laini chenye spiriti. Nikatia pesti mpya katikati, tone kama punje ya njegere, kwa maana ikizidi humwagika kando. Nikakilaza kipozaji, nikabonyeza miguu yake kwa mshazari, mmoja na ule unaoelekeana nao, mpaka kila mmoja ukalia "ta!" Mwisho nikachomeka plagi ya feni mahali pake.

Mama ndiye aliyebonyeza swichi. Nyuzi 46! Alasiri nzima tulipiga kazi bila kuzima, na programu ya kupimia joto haikupita 64. Feni ilisikika kama mtu anayenong'ona.

Lakini nisiwadanganye, kipozaji cha bei nafuu si uganga. Hakiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko chumba chenyewe. Kwa hiyo tuliliinua kasha kutoka sakafuni, tukaliweka juu ya stuli, mbali na mlango unaoelekea barabarani. Kila mwisho wa mwezi hupita na brashi ya rangi katikati ya mapezi, huku nimeishika feni isizunguke. Karo ililipwa, ingawa kwa awamu.

Wenzangu, chumba chetu cha kompyuta hapa shuleni pia kina mashine zinazonguruma. Kabla hatujaambiwa zimekufa, tuwaombe walimu ruhusa tufungue moja tutazame ndani. Tena tuzitaje sehemu zake kwa lugha yetu. Yule dereva hakusoma somo la kompyuta, lakini mara tu alipopata neno analolijua, alielewa ugonjwa kuliko fundi. Haya shime, brashi moja haizidi shilingi mia!