Barua kutoka Ujerumani: Chupa Tupu na Mwenye Nayo

Chupa ya plastiki inayotupwa Sitalike, kusini mwa mji wa Mpanda, haifiki baharini. Mto Katuma, maarufu kwa viboko wake, huteremka kupitia Hifadhi ya Taifa ya Katavi hadi Ziwa Rukwa, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachosombwa na mvua hubaki humo humo, pamoja na samaki.

Soda ya chupa ya kioo haikuleta balaa hilo. Mteja aliyetaka kuondoka nayo aliacha pesa ya chupa dukani, na mwenye duka alihitaji kreti ya chupa tupu ili apate mzigo mpya. Chupa ilirudi kiwandani, ikaoshwa, ikajazwa tena. Plastiki ilipoingia, viwanda viliepuka gharama ya kurudisha na kuosha. Mzigo ukaangukia halmashauri na wafagiaji wa barabara. Ni uamuzi wa kibiashara, na kumlaumu mnunuzi peke yake ni kumwonea.

Serikali ya Tanzania imewahi kuthubutu. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku Machi 2017, na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Juni 1, 2019, mtengenezaji akiwekewa faini ya hadi shilingi bilioni 1. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006. Mifuko ya rambo ikatoweka madukani, ingawa vifungashio laini vilianza kutumika badala yake. Chupa za vinywaji hazikuguswa na katazo hilo.

Huku Ujerumani, tangu 2003, bei ya kinywaji cha chupa ya kutupwa huongezwa dhamana ya senti 25 za yuro, zaidi ya shilingi 600. Mnunuzi huingiza chupa tupu kwenye mdomo wa mashine ya dukani. Mashine huizungusha, husoma alama yake na kutoa risiti ya kudai fedha. Duka linalouza chupa hizo haliruhusiwi kuzikataa zikirudi. Zaidi ya asilimia 90 hurudi, na anayeacha chupa mtaani huokotewa na mwenye shida ya senti hizo. Afrika Mashariki nako kumeanza: Kenya ilipitisha mwaka 2022 sheria ya taka inayombebesha mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kutumika.

Kwa Mpanda, ugumu ni umbali. Chupa tupu ni nyepesi. Lori hujaa hewa kabla ya kujaa uzito, na bei ya plastiki chakavu kwa kilo hailipi nauli hadi Dar es Salaam. Soko la chakavu peke yake litaisahau Katavi. Lakini soda hufika Mpanda kila wiki, na gari lililoileta hurudi na kreti tupu. Linaweza kurudi pia na magunia ya chupa za plastiki. Wizara inayosimamia mazingira na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ziweke kanuni ya dhamana, na gharama ya safari hiyo ya kurudi ilipwe na viwanda vya vinywaji.