Sitara ya Nyumba na Mlango wa Simu



Waliojenga nyumba za mawe za Lamu walilijua jambo ambalo sisi wenye simu za kisasa tunakaribia kulisahau. Mgeni hupokewa dakani, akaketishwa na kukirimiwa hapo. Na hata mlango ukiwa wazi, jicho lake halifiki kiwandani, kwa kuwa njia ya kuingilia imepindishwa makusudi. Ndani mna watu, na watu wana sitara yao. Mwenye haja ya kuingia hupiga hodi. Akiitikiwa huingia, na akiambiwa arudi hurudi, kama tulivyofunzwa katika Suratun Nur, aya ya 27 na ya 28.

Simu nayo ina mlango wake. Ni ile programu tunayofungulia tovuti, iitwayo kivinjari. Kupitia mlango huo sisi wanawake huuliza tusiyoweza kumuuliza mtu: maradhi ya ndani, mambo ya unyumba, deni lililotuelemea, hukumu ya talaka. Yafaa basi tujue ni nani amesimama mlangoni hapo akisikiliza.

Shoga yangu mmoja ameniruhusu nieleze yaliyomfika bila ya kumtaja. Nyumba yao ni ya jamaa wengi. Siku simu ziliponunuliwa, kijana wa nyumbani aliziwasha zote kwa anwani moja ya baruapepe, kurahisisha kazi. Shoga yangu alikuwa ameharibikiwa na mimba mara mbili, na hapakuwa na ajuaye ila mumewe. Usiku, watu wakilala, alikuwa akisoma mtandaoni habari za maradhi hayo na tiba zake. Haukupita muda, mavyaa yake akaanza kuletewa matangazo ya kliniki za uzazi katika simu yake mwenyewe. Na kila alipoandika herufi chache katika kisanduku cha kutafutia, maneno ya mkaza mwanawe yalijitokeza. Mavyaa ni mtu wa heshima. Alimwita chumbani, akafunga mlango, akamuuliza kwa upole.

“Nani aliyekwambia, mama?”

“Ni simu, mwanangu.”

Wengi watasema, kijana amekosea kuziunganisha simu. Ni kweli, lakini kijana hakuandika wala hakuhifadhi neno hata moja. Maneno yalihifadhiwa na mwenye programu, kwa sababu ndiyo biashara yenyewe. Chrome, kilichotolewa na Google mwaka 2008, huja tayari katika simu nyingi za Android, na sehemu kubwa ya mapato ya Google hutokana na matangazo. Zaidi ya hayo, tovuti nyingi huweka ndani ya kivinjari chako alama ndogo ziitwazo vidakuzi. Vingine vina kazi ya halali, kama kukumbuka kwamba umekwisha kuingia. Vingine ni vya makampuni ya matangazo, ambayo yametandaza mitego yao katika maelfu ya tovuti, hata yakakutambua ulipotoka dukani ukaingia hospitalini, na kutoka hospitalini ukaingia gazetini.

Wako wanaotegemea ile hali fiche. Hiyo huzuia simu isiweke kumbukumbu ya ulikopita. Haizuii tovuti wala kampuni ya mtandao kukuona. Mwaka 2020 Google ilishtakiwa huko Marekani kwa kukusanya habari za watu waliokuwa katika hali hiyo, na mwaka 2024, katika mapatano ya kumaliza kesi, ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi.

Mimi nimehamia Firefox. Asili yake ni kivinjari cha kale cha Netscape, ambacho msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 1998. Toleo la kwanza la Firefox likatoka Novemba 2004, chini ya Wakfu wa Mozilla, taasisi isiyogawa faida. Huzuia wafuatiliaji wengi bila ya kuambiwa, na katika simu za Android hukubali kiendelezi kiitwacho uBlock Origin, ambacho hufukuza matangazo na vifuatiliaji. Kurasa zikawa nyepesi, na kifurushi changu cha data kikawa hakiishi upesi. (Mume wangu, asiyejali habari za faragha, alihama kwa sababu hiyo peke yake.)

Firefox ni programu huria, na hapa Kiswahili kimetuondolea taabu. Kiingereza kina neno moja kwa kitu cha bure na kwa kitu chenye uhuru; sisi tuna mawili. Chrome ni cha bure. Programu huria ni ile ambayo yeyote aweza kuitumia, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kumgawia mwenzake. Mimi siwezi kuusoma. Lakini sijui vilevile kuchunguza nyama machinjioni, na hata hivyo naridhika nijuapo kwamba wajuzi wameruhusiwa kuingia na kutazama.

Sisemi kwamba kina ukamilifu. Mozilla yenyewe hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutoka kwa Google, ili Google iwe ndiyo ya kutafutia hapo mwanzo. Kwa hivyo niliingia katika mipangilio nikaweka DuckDuckGo. Majibu yake kwa Kiswahili ni haba zaidi, nami huvumilia.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi Waislamu hasa? Novemba 2020 gazeti la mtandaoni la Motherboard lilifichua kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na kibla iliyopakuliwa mara zaidi ya milioni 90, ilikuwa ikipeleka mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni iitwayo X-Mode, ambayo wateja wake walikuwamo makandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walitangaza kukatisha uhusiano huo. Mwaka 2024 serikali ya Marekani iliizuia X-Mode isiuze habari za watu waendao mahali nyeti, nyumba za ibada zikiwemo. Programu ile si kivinjari, ila soko ni moja. Nami nyakati za sala huzisoma katika ratiba ya msikiti iliyobandikwa jikoni.

Nimeulizwa pia: asiye na la haramu ana nini cha kuficha? Swali hili hunishangaza likitoka kwa watu wetu. Tuogapo hufunga mlango, na kuoga ni twahara. Shoga yangu hakufanya dhambi kupoteza mimba. Tumekatazwa kupelelezana, katika Suratul Hujurat, na sijaona mahali palipotolewa ruhusa kwa mpelelezi aliye kampuni.

Mwenye kutaka kuhama na ahame taratibu. Weka kivinjari kipya, kihamishie tovuti chache uzipendazo, na usiingie humo kwa ile anwani ya familia, ama utakuwa umehama nyumba na kumpa ufunguo jirani yule yule. Kila mtu mzima awe na anwani yake. Tovuti moja ya malipo hunikatalia ninapozuia kila kitu. Hiyo huizimia kinga kwa muda, nikamaliza haja yangu, nikairudisha.

Simu ya binti yangu wa miaka kumi sijaibadilisha. Ulinzi wa wazazi uliomo umefungamana na kivinjari kile cha awali, na nikikiondoa, uzio wa tovuti chafu huondoka nacho. Kwa sasa huitumia sebuleni, mbele ya macho yetu, wala haandiki humo jina lake kamili wala la madrasa yake. Akifika umri wa kumiliki simu, inshallah, tutaketi naye tuchague pamoja.