Mtihani wa Horohoro

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ambaye watu wa Makka walimwita Mwaminifu kabla hajapewa Utume.

Ama baada ya hayo, wapenzi wasomaji, twaomba ruhusa tuwasimulie jambo lililotupata sisi wenyewe katika mwezi wa Mfungo Mosi mwaka 1446, yaani Aprili 2025, siku chache kabla ya mahafali yetu ya kidato cha sita mjini Tanga. Si jambo la kujivunia. Lakini twaona kuwa vijana wengi wamo njiani kulifanya hilo hilo, na wazazi wengi hulilipia gharama zake pasi na kujua. Kulinyamazia ni kosa la pili juu ya lile la kwanza.

Kwanza tuseme kidogo juu ya mahafali. Asiyekaa Tanzania huenda akastaajabu kusikia kwamba sisi aghalabu husherehekea kumaliza shule kabla ya kuufanya mtihani wa mwisho. Mtihani wa Taifa wa kidato cha sita huanza Mei, na mahafali hutangulia. Mgeni rasmi huja, risala husomwa, vyeti hutolewa, picha hupigwa, na akina mama hulia kwa furaha. Kisha Jumatatu mhitimu hurudi darasani kwake, akafungua daftari kama jana. Wazee walisema: usikate kanzu na mwana hajazaliwa. Nasi twaikata kila mwaka, na koti juu yake.

Tena sisi wanafunzi wa Kiislamu aghalabu huwa na mahafali mawili: ya shule, na yetu wenyewe ambayo hufunguliwa kwa kisomo cha Qur'ani na kupambwa kwa kaswida. Katika hayo ya pili vijana wa kiume hupenda kuvaa kanzu nyeupe na koti, kama walivyovaa babu zetu siku za harusi na maulidi. Jambo hili ni zuri. Lakini zuri nalo lina bei yake: mchango wa chakula, mchango wa mahema, mchango wa picha, na hilo koti.

Mama yetu ni mjane, hukaanga vitumbua barazani tangu kabla ya alfajiri. Mwezi ule zamu yake ya upatu ilikuwa imefika. Alifungua pindo la kanga yake, akatuhesabia fedha mkononi, akasema: "Mwanangu, nunua koti la heshima. Baba yako angekuwa hai angekununulia yeye." Hatukuwa na la kujibu.

Katika darasa letu alikuwapo kijana mmoja mwepesi wa biashara. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba makoti ya Mombasa ni bora na bei yake ni nafuu, na kwamba tukienda saba tutapunguziwa zaidi. Tukachukua hati za dharura za kusafiria, tukaondoka Jumamosi asubuhi.

Safari yenyewe yapendeza. Toka Tanga hadi mpakani Horohoro ni yapata kilomita 65 za lami, katikati ya minazi na mikorosho. Hapo wabadilishaji fedha hukuzunguka. Bahasha iliyokuwa nene kwa shilingi za Tanzania husinyaa mara ikawa noti chache za Kenya, na kijana hujiona maskini ghafla. Ukivuka u Lungalunga, na lugha ni ile ile, salamu ni zile zile, na Wadigo wa upande huu ni ndugu wa Wadigo wa upande ule. Mpaka huu ulianza kuchorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kuanzia mlango wa mto Umba, wala hawakumuuliza mtu aliyekuwa na shamba huku na mjomba kule. Kisha gari hupita Msambweni na Ukunda, hata kufika Likoni, ambako mwenda kwa miguu huvuka kwa kivuko pasipo kulipa nauli.

Mtaa wa Biashara pale Mombasa ni mahali pa kumpotezea kijana akili. Kanga zimetundikwa mlangoni hadi darini, kila moja na maneno yake; vikoi, kofia, vitambaa vya kila rangi. Tuliyapata makoti yetu katika duka moja jirani na hapo, yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Bei ilipoteremshwa, zilibaki fedha kidogo katika zile za mama, nasi tukamnunulia doti ya kanga. Tulijiona wana wema kupita kiasi.

Tulilala kwa mjomba wa mwenzetu mmoja, Likoni. Usiku ule ndipo yule mwenzetu wa biashara alipofungua furushi lake. Kumbe hakununua koti moja. Alinunua makoti 15, ili awauzie wanafunzi wenzetu waliobaki Tanga. Na punguzo tulilolipata sote lilitokana na wingi huo. Pamoja na makoti yetu sita yakawa 21. Akasema: "Sisi ni saba. Kila mmoja achukue matatu. Moja avae, mawili atie mkobani. Akiulizwa, aseme ni yake na ya ndugu zake. Nani atamtoza ushuru mwanafunzi?"

Mmoja wetu alinung'unika. Akajibiwa kwa hoja mbili, nasi twakiri kuwa hoja ya pili tuliitoa sisi. Ya kwanza: mpaka huu si wetu, waliuchora Wazungu, kaka hamtozi kaka ushuru. Ya pili: tulipata kusoma chuoni kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaonya vikali wenye kutoza watu maksi, basi kuukwepa ushuru si kosa. Wasomaji wetu, tazameni jinsi elimu inavyoweza kugeuzwa pazia. Hatukuitafuta hukumu ya dini. Tulikuwa tumekwisha kuamua, kisha tukaiita dini ije itushuhudilie.

Kituo cha Horohoro na Lungalunga ni cha pamoja: aingiaye Kenya hukaguliwa Lungalunga, na aingiaye Tanzania hukaguliwa Horohoro. Jumapili alasiri tukajipanga, tumevaa makoti katika joto la pwani, majasho yanatutiririka. Afisa aliyekuwapo alikuwa mtu mzima, mwenye mvi. Alituuliza: "Vijana, mmebeba nini?"

Tulikuwa wa kwanza katika mstari. Tukajibu: "Hatuna kitu, mzee. Ni nguo zetu za mahafali na za ndugu zetu."

Akatuangalia, akaangalia mkoba, wala hakuufungua. Akatabasamu. "Mahafali! Mashaallah. Na mimi nina binti atakayemaliza mwakani. Piteni wanangu, Mungu awafaulishe."

Lau angetukemea, pengine tungelisahau. Lau angefungua mikoba na kututoza, tungelilalamika wiki moja, yakaisha. Lakini alituamini kwa sababu sisi ni wanafunzi, akatuombea dua juu ya uongo wetu. Katika gari wenzetu walicheka na kupongezana. Sisi tulivua koti, tukalikunja mapajani, tukatazama nje hadi Tanga.

Siku ya mahafali sisi ndio tuliochaguliwa kusoma risala. Tulikuwa tumeiandika kabla ya safari, na ndani yake yalikuwamo maneno marefu juu ya uaminifu wa kijana wa Kiislamu, na jinsi dini yetu ilivyoenea katika pwani hii pamoja na wafanyabiashara ambao watu waliwaona ni wakweli. Tulisimama mbele ya wazazi na walimu, tumevaa koti lile lile. Tulipofika mahali hapo sauti ilitukwama. Watu wakadhani ni machozi ya furaha, wakapiga takbiri. Mama yetu, aliyekuwa amekaa mstari wa tatu, alijifuta macho. Hatujapata kuona haya kama siku ile.

Usiku tulimwendea maalim wetu wa chuo, tukamweleza yote. Tukazitoa na zile hoja mbili. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kijana wangu, juu ya maksi wanavyuoni wana maneno mengi, na juu ya mpaka wenu wenye siasa wana maneno mengi zaidi. Mimi nakuuliza moja tu. Mzee yule alikuuliza umebeba nini. Ulimjibu nini?"

Tukanyamaza.

Akaendelea: "Kama waona ushuru ni dhuluma, sema wazi kuwa ni dhuluma, ulipe au uache mali. Lakini wewe hukusema ni dhuluma. Wewe ulisema huna kitu." Akatukumbusha aya ya 119 ya Sura ya At-Tawba, ambamo waumini wameamrishwa kumcha Mungu na kuwa pamoja na wakweli. Akatukumbusha pia kuwa toba ya kosa lililo baina ya mja na Mola wake ni kuliacha, kujuta, na kuazimia kutolirudia. Lakini likiwamo ndani yake haki ya watu, hapana budi haki hiyo irudishwe.

Tulipomwambia mama, hakupiga kelele. Aliuliza mambo mawili: kama koti letu ni miongoni mwa yale, na kama kanga yake ilinunuliwa kwa fedha za punguzo lile. Tukajibu ndiyo. Akaikunja doti ile, ambayo hata haijakatwa wala kupindwa, akaiweka juu ya kabati. "Siku utakapokuwa umeilipia," alisema, "nitaikata."

Tukaufanya mtihani wa Taifa kanga ikiwa juu ya kabati. Ulipokwisha, tulifundisha watoto wa mtaani hesabu kila jioni kwa ujira mdogo. Tuliwaendea wenzetu sita tukawaeleza nia yetu. Wawili walikubali kulipa pamoja nasi. Watatu walitucheka. Yule mwenye biashara alikasirika, akasema twataka kumharibia jina. Urafiki wetu naye haujarudi kama ulivyokuwa, na jambo hilo latuuma mpaka leo.

Tukaenda watatu katika ofisi ya ushuru mjini. Ilikuwa vigumu kumweleza kijana aliyekaa mezani kwamba tumekuja kulipia bidhaa ambazo hakuna aliyetukamata nazo. Alitusikiliza mara mbili, akamwita mkubwa wake. Mkubwa akatueleza jambo ambalo hatukulijua: kwamba Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, uliondoa hatua kwa hatua ushuru wa forodha kwa bidhaa zinazotengenezwa ndani ya nchi zetu wanachama, lakini zile zitokazo ng'ambo hulipiwa hata zikipitia kwa jirani. Kadhalika nguo za msafiri mwenyewe zina hukumu yake, na zile za kuuza zina hukumu yake. Laiti tungeuliza pale Horohoro, yamkini lile koti letu la kuvaa lisingedaiwa kitu. Tulisema uongo juu ya makoti matatu, na moja halikuuhitaji.

Akatufanyia hesabu, tukalipa benki, tukapewa risiti. Fedha zenyewe zilienea katika mfuko wa shati.

Ndugu vijana, hatukuyaandika haya ili kukatazana mahafali. Furaha ya mzazi kumwona mwanawe amesimama na cheti ni halali yake, naye ameinunua kwa miaka mingi ya kuamka usiku. Wala hatukatazi kwenda kununua kwa jirani. Watu wa pwani hii walifanya biashara huku na kule kabla ya mpaka kuwako. Tunalosema ni hili: tulisoma miaka 13 shuleni, na chuoni zaidi ya hiyo, na swali la kwanza tuliloulizwa nje ya darasa lilikuwa jepesi kuliko yote. Mmebeba nini? Nasi tuliokuwa tumejitayarisha kwa mtihani wa Mei, tuliushindwa huo.

Nanyi wazazi wetu, tunapowaomba fedha za mahafali, tuulizeni zinakwenda wapi, na tukirudi na mzigo, tuulizeni umepitaje. Msione haya kutuuliza. Mama yetu aliuliza maswali mawili tu, nayo yalitufunza zaidi ya risala nzima.

Asubuhi ya Idd ya Mfungo Tatu, wiki moja baada ya kulipa, tulikuta juu ya kabati pametupu. Mama alikuwa barazani, amejifunga kanga mpya, mkasi uko kando yake, akipinda cha pili chake kwa mkono. Hakusema neno. Alitusogezea sahani ya vitumbua, tukala, tukaenda kusali.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wakweli, atusamehe tuliyoyafanya kwa kujua na kwa kutojua, na awaongoze wenzetu pamoja nasi. Amin.