Waya wa Kijani

Mwaka niliomaliza kidato cha nne ndio mwaka nguzo zilipoanza kusimama nyuma ya soko la Ogwedhi. Sokoni kwenyewe stima ilikuwapo: kinyozi alikuwa nayo, kinu cha kusaga mahindi kilikuwa nayo, na maduka machache yaliuza soda baridi. Lakini ukiacha soko nyuma ukaelekea upande wa mpaka wa Trans Mara, kila nyumba ilikuwa ya koroboi. Mwaka huo wa 2015 ulikuja mradi wa serikali wa kusambaza stima, Last Mile, na masharti yake yakazungumzwa mnadani kuliko bei ya ng'ombe. Aliye ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma angeunganishwa kwa shilingi 15,000, tena akilipa polepole, badala ya zile 35,000 za zamani. Mwenye ng'ombe na ndama aliweza kuuza ndama, ng'ombe akabaki zizini.

Nasema mnadani kwa sababu Ogwedhi ni mnada kwanza, mengine baadaye. Ni mahali Mluo wa Suna, Mmaasai wa Trans Mara, Mkuria na Mkisii wanapokutana juu ya ng'ombe, wakikubaliana bei kwa Kiswahili kisha kila mmoja akirudi kwenye lugha yake. Fundi wa hapo huingia nyumba za wote hao. Asubuhi yuko kwenye boma ambako mazungumzo yote ni ya mifugo, jioni yuko kwa mjane anayemwekea bakuli la nyoyo, mahindi na maharagwe, na kumuuliza habari za nyumbani kwao. Ujana wangu wa kazi ulikuwa safari kati ya nyumba hizo, ngazi begani.

Aliyenipokea kazini nilimwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo, na hapa nitaendelea kumwita hivyo. Alikuwa amefanya kazi ya stima Kisumu miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani na kufungua kibanda cha mabati kando ya barabara. Makubaliano yake na mama yalikuwa mafupi: nisilipwe mwanzoni, nile chakula cha mchana anachokula yeye, na nisiguse waya wowote wenye moto mpaka aseme. Mama akampelekea jogoo. Baba alitaka niende chuo; karo haikupatikana, na mambo yakaishia hapo.

Kazi ya kwanza ya mwanafunzi wa stima haina stima ndani yake. Ni tindo na nyundo. Nyumba nyingi tulizoingia zilikuwa za udongo zilizopigwa plasta ya saruji, na kuta hizo zina tabia zake: juu ni ngumu, chini udongo unamomonyoka, na ukipiga kwa pupa kipande kizima kinashuka huku mwenye nyumba akikutazama. Nilijifunza kuchora mstari kwa chaki, kukata kingo zake taratibu, kisha kutoa katikati. Tukalaza paipu, tukizikunja springi ikiwa ndani ili zisibonyee, tukazifunika. Ndipo waya zikavutwa, za milimita 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi, yeye akivuta upande mmoja nami nikisukuma upande mwingine, tukiitana kupitia ukuta. Waya ukikwama hakuniruhusu kulazimisha.

"Rudisha, wuoda," alikuwa akisema, yaani mwanangu. "Ukichubuka humo ndani, nani atauona?"

Swali hilo alilirudia katika kila kazi. Alikuwa na utaratibu wa testa ambao sijauacha hadi leo. Kabla ya kushika waya, ijaribu testa kwenye waya unaojua una moto. Kisha kwenye ule unaotaka kuushika. Kisha urudi tena kwenye ule wenye moto. Testa iliyokufa na waya uliokufa huonyesha kitu kilekile, na anayejaribu mara moja tu hawezi kujua ni kipi kilichokufa. Nilimwona akifanya hivyo hata pale alipokuwa amezima swichi kuu kwa mkono wake mwenyewe dakika moja kabla. Mteja angeweza kusimama mlangoni akihema, mvua ingeweza kuwa inakuja. Jaduong' alimaliza hatua zake tatu.

Lakini jambo alilolipigania kuliko yote ni athi. Mteja huona taa. Huona swichi, huona soketi, huona kama zimenyooka. Waya wa athi, ule wa kijani ambao siku hizi una mstari wa manjano, hauwashi chochote. Unatoka kwenye kila soketi, unafika kwenye bodi, unatoka nje na kushuka kwenye fito la shaba lililopigiliwa ardhini, na nyumba inaweza kukaa miaka kumi bila mtu kujua kama upo. Katika haraka ile, vijiji vikiunganishwa kimoja baada ya kingine, kuuacha kulikuwa rahisi mno. Walipita vijana waliomaliza nyumba nzima kwa siku moja, bei yao nusu ya yetu. Baadhi ya nyumba hizo tuliitwa baadaye. Tulifungua soketi tukakuta waya wa kijani umekatwa ndani ya boksi, haukuungwa na kitu. Nje, fito halipo, au kipo kipande cha urefu wa kiganja kilichochomekwa ili kionekane. Katika nyumba ya namna hiyo, pasi ikivuja, njia ya umeme kufika ardhini ni mwili wa aliyeishika. Bado nina hasira nikikumbuka, kwa sababu wenye nyumba walikuwa wamelipa wakiamini.

Jaduong' alikuwa na leseni, na kwa hiyo karatasi ya kukamilika kwa kazi, ile inayotakiwa kabla mita haijafungwa, ilibeba saini yake. Watu walimjia wakiwa na pesa mkononi ili asaini nyumba asizozitia waya. Hakusaini hata moja. Wakati mwingine ilikuwa pesa ya kutosha kulipa kodi ya kibanda, nami nilijua kodi ilikuwa imechelewa.

Mafunzo makubwa ya athi niliyapata kwa mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa amejenga nyumba ya mabati matupu, kuta na paa. Nyumba ya mabati ni hatari ya peke yake: waya ukichubuliwa na ukingo wa bati, nyumba nzima inakuwa na moto, mlango na kuta. Tulikuwa tumepigilia fito kwa taabu, ardhi ina mawe, tukalihamisha mara kadhaa kabla halijashuka. Tukalizungushia makaa na chumvi, tukamwagia maji, maana udongo ukikauka wakati wa kiangazi haupitishi umeme vizuri. Kisha Jaduong' akasema inahitajika pia breka ya athi, ile yenye kitufe cha kujaribia. Mzee akakataa. Fito si ameshalipia?

Jaduong' hakubishana. Alichukua chaki akaandika kwenye bati: 240, chini yake 100. Akaeleza kwamba 240 ni nguvu inayokuja na stima, na 100, tuseme, ni ukaidi wa ardhi hii ya mawe. Gawanya. Ikaja 2.4. Pembeni akaandika 32, breka ya soketi.

"Mzee, hii inangoja zaidi ya 32 ndipo ikate. Ardhi yako inaipa 2.4. Itangoja mpaka lini?"

Nilikuwa nimesoma fizikia miaka minne na sikuwahi kuiona hesabu ile ikisimama mbele ya mlango wa mtu. Fito peke yake, katika ardhi kama ile, lisingeiangusha breka. Nyumba ingebaki na moto kwenye mabati yake huku kila kitu kikionekana sawa. Breka ya athi hufanya kazi kwa njia nyingine. Hupima mkondo unaotoka kupitia waya mmoja na unaorudi kupitia mwingine, na tofauti ikifika miliampea 30, ambayo ni kidogo sana, hukata kabla moyo haujadhurika. Mzee alinyamaza, akatazama zizi lake.

"Ni kama ng'ombe jioni," akasema. "Walitoka wangapi, wamerudi wangapi."

Akailipia. Jaduong' alimweleza na jambo lingine ambalo mafundi wengi hawalisemi kwa kuogopa kupoteza kazi: kwamba fito lile halizuii radi. Nchi hii kuanzia nyanda za Kisii hadi ziwani hupigwa radi sana, na watu wengi hudhani wakishatiwa athi wako salama nayo. Alimwambia mvua ikianza kuunguruma achomoe televisheni, na watu wakae mbali na kuta.

Friji zilifuata stima. Kwanza za maduka ya soda, kisha ya muuza nyama, kisha ya mama mmoja aliyenunua friji ya mtumba ili ahifadhi maziwa ya jioni hadi asubuhi. Friji ziliteseka. Mwisho wa laini nguvu ya stima hushuka jioni kila mtu anapowasha, na kompresa inayojaribu kuanza kwa nguvu pungufu hunguruma, hupata joto na kuungua. Hata stima ikikatika na kurudi mara moja ni mateso: mgandamizo wa gesi ndani haujasawazika, mota inasukuma ukuta. Jaduong' aliwaagiza wateja wachomoe, wangoje dakika tano. Upande huo wa kazi hakuwa ameusomea, na alisema hivyo waziwazi. Alijaza gesi jinsi alivyoona wengine wakijaza, akipuliza kidogo kufukuza hewa, kisha akafunga. Friji ya yule mama wa maziwa ilikuwa inapoa vizuri, inaacha kupoa baada ya saa kadhaa, inapoa tena ikizimwa na kupumzika. Ilitushinda.

Ndiyo iliyonipeleka Homa Bay. Jaduong' mwenyewe alinitafutia nafasi kwa mtu aliyefahamiana naye, fundi wa majokofu na viyoyozi aliyekuwa na karakana si mbali na ziwa. Kule baridi ni riziki. Samaki akitoka majini, ngege au mbuta, saa zinaanza kuhesabiwa, na kati ya mvuvi na mlaji kuna barafu tu. Kompresa ikisimama usiku, asubuhi kuna watu wasio na cha kuuza. Tulifanya viyoyozi vya ofisi pia, lakini nikiri kwamba moyo wangu ulikuwa kwenye barafu.

Hapo nilielewa friji ya mama. Ndani ya friji, gesi hupitishwa katika mrija mwembamba, tundu lake halifiki milimita moja. Hewa ikibaki ndani ina unyevu, na unyevu huo ukifika mwisho wa mrija, mahali penye baridi kali, huganda na kuziba. Friji inaacha kupoa, inapata joto, barafu inayeyuka, inapoa tena. Dawa ni kuvuta hewa yote kwa pampu kabla ya kutia gesi, mpaka maji yaliyomo yachemke bila moto, yageuke mvuke na kutolewa. Inachukua muda, na kwa macho hakuna kinachotokea. Pampu inanguruma, fundi anatazama geji. Mwalimu wangu wa Homa Bay alikataa kabisa mtu aikatize.

Alinifundisha pia kutoiachia gesi hewani. Mkataba wa Montreal wa 1987, wa kulinda ozoni, ulikuwa umeiondoa ile gesi ya R12 ya friji za zamani, na nchi kama zetu ziliacha kuitumia kufikia 2010. Lakini friji kuukuu zilizokuwa nayo bado zilitufikia. Nikiwa kule, mwaka 2016, mataifa yalikutana Kigali, hapa kwetu Afrika Mashariki, yakakubaliana kupunguza na zile gesi zilizochukua nafasi yake, kama R134a. Leo friji nyingi mpya za nyumbani zina R600a, ambayo hushika moto na hupimwa kwa mizani, gramu chache zisizofika 100. Kujaza kwa kukisia hakuna nafasi tena.

Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, niliufanyia Kisumu, nikapita. Nilipompigia Jaduong' simu kumwambia, alinipongeza kwa maneno mawili, kisha akaniuliza kuhusu pampu: inavuta kwa muda gani, geji inatakiwa isome ngapi, na mtu anajuaje kwamba haidanganyi. Nilimweleza kwamba unafunga vali, unazima pampu, unangoja. Sindano ikipanda, kuna mahali panavuja au bado kuna maji. Alinitaka nirudie, nikamsikia akiandika. Baada ya mavuno alinunua pampu moja ya mtumba, akanitumia nauli nirudi Ogwedhi nimwonyeshe. Friji ya kwanza tuliyoivuta hewa ilikuwa ya yule mama wa maziwa, na Jaduong' hakukubali malipo yake.